Baba Mkubwa Pia ni Baba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, kabla ya saa nne asubuhi. Siku ilikuwa imeanza kama nyingine. Zilpah aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, akamwekea baba yake uji, kisha akapita ofisini kwa naibu chifu kuchukua fomu ya basari, ule msaada wa karo.

Fomu haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake Millicent, aliyemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa akiosha vyombo hotelini kule Migori. Chuo cha ufundi karibu na Mbita kilikuwa kimemwita akajifunze kutengeneza injini za mashua. Bila karo, nafasi ingepewa mwingine. Baba yao, Javan Oremo, hakujua kuandika ila jina lake tu. Kwa hiyo kalamu aliishika Zilpah, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye mwandiko ulionyooka kama uzi wa wavu uliovutwa.

Karani, Bwana Mosoti, alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti.

"Mama?"

"Alifariki."

"Na baba?"

"Yuko. Anashona nyavu."

"Basi dada yako aendelee na sahani zake. Wa mzazi mmoja hupata makombo. Yatima kamili ndiye hushiba." Akainama juu ya meza. "Kwani hakuna baba mwingine aliyekufa kwenu?"

Zilpah akafikiri. "Baba Mkubwa Levi. Alifia Migori mwaka jana."

"Ulikuwa ukimwitaje?"

"Baba."

"Na kwa Kijaluo, ndugu ya baba ni nani?"

"Ni baba."

"Sasa umedanganya wapi?" Mosoti akacheka. "Lete nakala ya cheti chake cha kifo."

"Lakini yeye ni Levi. Baba yetu ni Javan."

"Wote si Oremo? Nani atasoma? Wakubwa huhesabu karatasi tu."

Zilpah alikimbia nyumbani, akaitoa nakala ndani ya Biblia ya marehemu mama yake, akarudi. Kwenye jina la baba aliandika Javan Oremo. Palipouliza kama yu hai, alimtazama Mosoti. Akaandika: Amefariki.

"Na hapa, baba hatii sahihi?"

"Maiti hutia sahihi?" alisema Mosoti, akaichukua fomu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi naibu chifu aliita baraza asome majina. Javan alifika mapema, akaketi benchi la mbele akiwa amevaa shati lake la kanisani, Zilpah akiwa nyuma yake.

"Millicent Adoyo. Yatima kamili. Binti ya marehemu Javan Oremo."

Vichwa viligeuka kumtazama Javan. Kisha mama mmoja muuza dagaa wa omena akapiga kelele: "Wuololo! Javan, ulikufa lini nasi hatujanywa hata chai ya matanga?"

Wengine walicheka. Lakini wawili walioketi karibu na Javan walisogea polepole hadi mwisho wa benchi. Naibu chifu hakuinua hata uso. Alisoma jina lililofuata.

Nyumbani, Zilpah aliandaa ugali na omena.

"Ondoa," Javan alisema. "Maiti haili."

"Baba, tafadhali..."

"Mama yenu alipougua, watu wa serikali walisema jina lake halimo kwenye orodha yao ya matibabu. Akafa akingoja kuandikwa. Mimi wameniandika kabla sijafa. Watu hawa wino wao ni wa makaburi tu!"

Hakuuliza ni nani aliyeandika. Hilo ndilo lililomtisha Zilpah.

Kesho yake Javan aliamka akikohoa. Hakugusa nyavu. Majirani walipita njiani bila kumsalimu, wakinong'ona kwamba mtu akitajwa marehemu, kifo huonyeshwa mlango wake. Zilpah alikihesabu kila kikohozi kupitia ukutani. Halafu simu ikalia. Ilikuwa Millicent.

"Zilo! Nimepata! Nimepata yote! Nimeshamwambia mwenye hoteli naondoka!"

Zilpah alisema tu "Hongera," akakata simu.

Jumatatu asubuhi alimkuta baba yake amevaa viatu, fimbo mkononi.

"Naenda kwa naibu chifu. Lazima aniambie ni nani aliyeniua."

"Baba, si yeye." Machozi yalimtoka. "Ni mwandiko wangu." Akamweleza yote, la karani, la Baba Mkubwa, la cheti.

Javan alikaa chini. Akaiweka fimbo kando. "Simama, nyathina, mwanangu. Twende wote."

Ofisini Mosoti aliapa hajui lolote. "Mtoto alijaza mwenyewe. Tazama mwandiko!" Naibu chifu alifuta ile fomu, akatoa nyingine. Safari hii Javan alitia sahihi, herufi moja baada ya nyingine, jasho likimtoka.

Millicent alipata nusu ya karo. Alilia, kisha akakiomba chuo kazi ya kusafisha karakana jioni ili kuifidia nusu nyingine. Wakamkubalia. Javan akarudia nyavu zake, ingawa kikohozi hakikumwacha mara moja.

Baraza lililofuata, walipokuwa wakisubiri majina yasomwe upya, Javan alimwambia binti yake, "Sisi tunasema baba mkubwa pia ni baba, kwa sababu hulea. Neno hilo ni la kumpa mtoto baba wawili. Wewe ulilitumia kumnyang'anya mmoja. Shida ni shida, Zilpah, lakini ukweli ukiupinda kidogo tu ili upite mlangoni, humo ndani hutaunyoosha tena."

"Nimesikia, Baba."

"Millicent Adoyo," naibu chifu alisoma. "Binti ya Javan Oremo. Yu hai."

Watu wakapiga makofi. Javan hakupiga. Alisimama, akaliangalia faili nene lililokuwa mikononi mwa Mosoti.

"Bwana naibu chifu, mimi mmenifufua. Humo ndani, marehemu wangapi wengine bado wanapumua?"