Kidonda Kilichogeuzwa Mradi

Majirani zangu, kaeni niwaambie, na mwenye kununa anune. Asubuhi ile ua wetu ulikuwa umetulia. Mashati meupe yalikuwa kwenye kamba, redio inaimba taratibu, na Mama Dobi, mwanamke aliyelea watoto wawili kwa kufua nguo za watu, alikuwa anakoroga sufuria ya wanga wa kukazia kola. Mimi jirani yake nilikuwa mlangoni namsuka mteja, huku Mama Dobi ananitania kwamba mume wangu hung'ang'ania shati moja mpaka linamjua jina. Mara jiko likayumba. Sufuria ikammwagikia bega na mkono wote wa kulia. Wanga wa moto, ndugu zangu, hautiririki kama maji. Unaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Hospitali daktari alituambia wazi: anahitaji upasuaji wa kupandikizwa ngozi, tena mapema, la sivyo kovu litavuta vidole vijikunje na mkono usishike kitu tena. Mkono wa dobi huo, ndio shamba lake na ndio duka lake.

Kifungua mimba wake tunamwita Bosi, maana hajawahi kukaa chini ya bosi yeyote zaidi ya wiki. Alishika simu, akamrekodi mama yake bega wazi, analia, akaisambaza video kwenye kila kundi la simu akiomba michango. Tukachanga. Mimi nilitoa, muuza mkaa alitoa, hata watu tusiowajua walituma. Nikasema kumbe mtoto ana akili.

Wiki zikapita. Kila nikimuuliza Bosi upasuaji ni lini, jibu ni lile lile: "Bado kidogo, mama mdogo." Siku moja nikamkuta dada yake, mtoto wa pili wa Mama Dobi, fundi cherehani, amekuja na teksi kumpeleka mama akabadilishwe bandeji. Bosi amesimama mlangoni, kaziba njia.

"Subiri kesho," alimwambia. "Leo kuna wageni wanakuja kumwona. Wakikuta bandeji mpya watadhani ameshapona."

"Kaka, kwani hela ya upasuaji haijatimia?"

"Ilitimia zamani. Lakini watu bado wana moyo wa kutoa. Tukimtibu sasa, nani atatuma tena?"

Mama yao alikuwa kwenye mkeka, anasikia kila neno. Aligeuza uso ukutani.

Wahenga walisema kufa kufaana. Huyu hakungoja hata mama afe. Damu ilinichemka, nikamwendea.

"Wewe, nimekubeba mgongoni mama yako akifua. Hela iko wapi?"

"Nimenunua pikipiki, mama mdogo. Ya kumpelekea mama hospitali."

Mtu aliyeungua bega, asiyeweza kujishika popote, apakiwe pikipiki. Mnaisikia akili hiyo? Akina mama wa uani hatukumwacha alale. Tulisimama naye mpaka pikipiki ikauzwa kwa hasara. Binti akajazia kwa kazi ya usiku na mchana, na mama akafanyiwa upasuaji.

Ngozi ilishika vizuri. Kidole gumba na cha shahada vikafunguka. Vile vingine vitatu daktari alitikisa kichwa: "Hivi mmevichelewesha." Leo mama anasuuza, binti ndiye anayekamua.

Siku mama aliyorudi kutoka hospitali, Bosi alipiga magoti, analia kweli kweli. Mama yake akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nimekusamehe. Sitaki chochote. Ifute tu ile video, nimeaibika mbele za watu."

Bosi akainamisha kichwa. "Mama, imeshasambaa. Siwezi tena kuifuta."

Jana tu mteja mgeni alimkazia macho Mama Dobi, akamuuliza kama si yeye yule wa kwenye simu. Akavuta khanga akafunika bega, akaendelea kusuuza.

FUNZO

Kumchangia mgonjwa ni utu, wala msiache kwa sababu ya mwovu mmoja. Lakini hela ya matibabu ipelekwe hospitali moja kwa moja, na mchangiaji asione haya kuuliza, "Mgonjwa anatibiwa lini?" Nasi tuliochanga tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa: tulituma, tukalala usingizi, hatukuuliza kwa nguvu. Na wewe mtoto, mzazi akiumia mstiri kwanza, kisha mtibu. Maumivu yake si bidhaa. Ukiyauza, hata yeye akikusamehe, hutaweza kuyanunua tena.