Nguzo ya Ukumbi wa Vioo

"Rudia," Nondo alisema. "Labda umekishika vibaya."

Injinia alikibana kipima zege kwenye nguzo kwa mara ya nne, kikagonga, kikaonyesha kipimo kilekile: uimara wa chini. Nguzo hiyo ndiyo iliyobeba ukumbi wa vioo wa makumbusho mapya, ule uliotokeza juu ya maji ya bandari kama droo iliyosahauliwa wazi. Mchoro wa jengo ulikuwa wa Injinia. Msimamizi wa ujenzi alikuwa huyu Nondo, mrefu mwembamba, mchumba wake. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Vitofali vya majaribio vilivyovunjwa maabara vilikuwa imara," Injinia alisema. "Nguzo si imara. Zege la vitofali ulilichota kwenye gari lipi la zege?"

"La kwanza."

"Na la pili?"

Simu ya Injinia ikalia. Ujumbe wa Mkurugenzi: *Wanafunzi mia mbili wako mlangoni. Nasubiri saini yako tu, tufungue.*

"Nondo, nakuuliza gari la pili."

"Lilikwama kwenye foleni ya malori ya makontena, saa tatu nzima. Zege likaanza kuganda. Mafundi wakaongeza maji, likadhoofika."

"Wewe ukitazama?"

"Sikuwepo."

"Ulisaini kwamba ulikuwepo!"

"Nilikuwa hospitali!" Sauti ikamkatika. "Siku ile mama yako alipoanguka, wewe ukiwa safarini. Nani alimbeba? Niliporudi, nguzo ilishamwagwa zege. Nikaogopa, nikasaini."

Kwa msaada wa siku ile Injinia alikuwa amemshukuru mpaka mashangazi wakamcheka. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumzaba kibao, vyote kwa wakati mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeivunja."

"Ndiyo, ningeivunja! Nguzo huvunjwa ikajengwa upya. Hao watoto je?"

"Saini leo tu, mpenzi. Wiki ijayo tutaiimarisha kimyakimya. Ukikataa, nimekwisha. Utaolewa na mtu asiye na kazi?"

"Nilikubali posa ya mtu, si ya cheo. Sasa huyo mtu simwoni."

Chini, mwalimu alikuwa akiwapanga wanafunzi wawiliwawili. Kelele zao zilipanda hadi juu. Injinia akatafuta namba ya Mkurugenzi. Nondo akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Injinia alimwogopa.

"Niachie."

"Nipe simu."

"Nondo!"

"Nipe. Kosa langu usilisemee wewe."

Nondo akapiga mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Mkurugenzi, usifungue. Nguzo ya ukumbi haifai. Nilidanganya kwenye karatasi, mimi, si Injinia... Ndiyo... Najua... Najua, mzee."

Ukali wa Mkurugenzi ulisikika hadi nje ya simu: "Usikanyage hapa tena!"

Nondo akavua kofia yake ya kazi, akaiweka sakafuni. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha.

"Jumamosi je?" aliuliza polepole.

Injinia alikuwa bado na hasira, tena nyingi. Lakini mtu wake alikuwa amerudi, na alimpenda.

"Jumamosi ipo palepale. Ila kuanzia leo mchana napima kila ulichojenga."

"Kila kitu? Hata nyumba yetu?"

"Naanza na nyumba yetu."