Saini ya Mama Illuminée

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Kirezi alitoka shuleni kama kawaida, akapita mtaa wa Gisimenti penye moshi wa brosheti, mishikaki ya nyama, akaingia kwenye chumba ambamo baba yake, mzee Cassien, aliwakanda watu viungo. Cassien alikuwa kipofu. Tangu mkewe afariki, karatasi za bima zilikuwa kazi ya Kirezi, mtoto wa miaka kumi na miwili. Kila mgonjwa aliyekandwa alitia saini fomu, fomu zikapelekwa ofisini, nayo bima ikalipa. Ilipopenda.

Mama Illuminée alikuwa amelala kitandani. Alikuwa fundi cherehani wa soko la Kimironko mpaka kiharusi kilipompoozesha mkono wa kulia. Daktari alimwandikia kukandwa, na siku hizo dole gumba lilikuwa limeanza kutikisika kidogo.

"Mkono huu ni mgeni mvivu," alimwambia Kirezi. "Tunakula pamoja, lakini kuosha sahani hautaki!"

Hapo simu ikalia. Cassien, mikono yake ikiwa imejaa mafuta, alimwomba binti yake aiweke kwenye spika.

"Mzee, ni Keith wa bima. Nina habari njema. Mgonjwa wako Illuminée amepona."

"Amepona nini? Si huyu nimemshika?"

"Saini yake imenyooka kabisa, mzee. Mkono unaoandika hivyo hauhitaji kukandwa. Kuanzia leo hatutamlipia tena."

"Njoo uushike mwenyewe, kijana!"

"Sisi tunafuata karatasi, mzee wangu." Simu ikakatwa.

Mama Illuminée alicheka. "Nimepona! Haya, nileteeni cherehani yangu!" Hakuna aliyecheka naye. Akageuza uso ukutani, akalia.

"Ndivyo walivyo wakubwa," Cassien alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wanakaa kwenye viti vya kuzunguka, wanatibu karatasi. Hata mke wangu walimzungusha hivihivi, njoo kesho, njoo kesho, mpaka kesho ikamkuta kaburini."

Kirezi alisimama na mkoba wake mgongoni. Angeweza kunyamaza. Baba yake alikuwa amekwisha kuwalaumu wakubwa, na nani angemshuku mtoto? Lakini yeye ndiye aliyejua. Mama Illuminée alikuwa akisaini kwa mkono wa kushoto, mistari ikawa kama vumbi lililoparuliwa na kuku, na ofisi ilizirudisha fomu zake kila mara: saini hailingani na ya kitambulisho. Kirezi alichoka kuzibeba kwenda na kurudi. Mwezi uliopita alichukua kitambulisho cha mama huyo, akaiiga saini ya zamani, nzuri, yenye mkia mrefu.

"Papa," alisema, "ni mimi niliyesaini."

Mikono ya Cassien ikasimama. "Uliandika jina la mtu mwingine?"

"Walikuwa wanazirudisha, Papa! Nilitaka kusaidia."

"Mama wee!" Mama Illuminée aliinuka polepole. "Mwanangu, umeniponya kwa kalamu!"

Kesho yake walikwenda wote watatu ofisini. Keith, kijana mwenye tai, aliwasikiliza huku akigonga meza kwa kalamu.

"Mzee, hili ni kosa kubwa," alisema. "Mkataba wako unaweza kufutwa."

"Ni kosa langu, si la Papa," Kirezi alisema. "Yeye haoni, hakujua. Mama Illuminée hajapona. Nisamehe, lakini usimzuie kukandwa."

Keith aliweka kalamu mbele ya Mama Illuminée. Mama alijaribu kuishika kwa mkono wa kulia. Ikateleza, ikaanguka chini ya meza. Keith aliinama kuiokota, akakawia kidogo huko chini.

"Fomu zenye saini ya kuiga hazitalipwa," alisema alipoinuka. "Mzee amefanya kazi ya mwezi mzima bure. Binti, hilo ulikumbuke. Lakini leteni barua ya daktari, matibabu yaendelee. Mwezi huu nitapokea saini ya mkono wa kushoto, nami nitagonga muhuri wangu."

Mama Illuminée alimshika Kirezi bega.

Nje ya mlango, Cassien aliegemea ukuta. Alionekana mzee kuliko jana.

"Sikiliza, mwanangu. Hujaiba, na moyo wako ulikuwa mwema. Lakini uongo hauangalii moyo wa aliyeutuma. Saini yako ilisema mama huyu amepona, na kidogo tu abaki na mkono uliokufa maisha yake yote. Karatasi ikikataa ukweli, tunaurudisha ukweli huohuo mpaka wachoke wao. Hatuwapi uongo kwa sababu unapokelewa haraka."

"Ndiyo, Papa. Sitarudia."

"Najua. Sasa nishike mkono, bado nina neno moja na yule kijana."

Wakarudi ndani. Keith aliinua kichwa.

"Mwanangu amekosa, na ameungama," Cassien alisema. "Nanyi mtoe mtu wa kunijibu. Mtu akiugua mkono wa kuandikia, mnataka asaini kwa mkono upi?"

Keith alisema atawauliza wakubwa wake. Tangu siku hiyo matibabu yameendelea, na Mama Illuminée sasa anashika sindano, ingawa bado inamponyoka. Kirezi naye, kila anapopeleka fomu, huuliza dirishani kama wakubwa wamejibu swali la Papa.

Asaini kwa mkono upi?