Injinia Alilala Gatwekera

Jumapili, tarehe thelathini Desemba 2007, jioni. Hiyo ndiyo siku mambo yaliharibika, na mtu asinidanganye ati yalianzia kwetu Kibera. Yalianzia kwa wakubwa, kwenye viti vyao. Sisi tuliletewa moshi tu.

Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa bati. Wagaki alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji wa bomba wa Mama Musimbi, koti la kanisani amelifunga kiunoni, anapuliza mkebe kama mtoto anayepuliza uji.

"Munyao, hili tundu ni kubwa."

"Si ulisema la msumari?"

"Msumari wa viatu, si wa mabati! Wewe ni fundi gani?"

"Fundi anayelipwa na chapati mbili."

"Basi leo utakula moja."

Mama Musimbi, mwenye kibanda cha kuuza maji pale Gatwekera, akagonga mtungi kwa kijiko.

"Mkimaliza kuchumbiana mnifungulie maji. Watu wako foleni."

Wagaki alikuwa injinia wa ukweli, wa chuo kikuu, ameajiriwa na kampuni moja ya mabomba. Kazi aliyoandikwa ni kuchora mabomba ya mashamba ya maua. Lakini siku moja alipita Kibera, akaona vile bomba zetu za plastiki zinalala ndani ya mtaro. Maji yakikatika, bomba linafyonza uchafu. Yakirudi, ule uchafu ndio unatangulia kwa mtungi wako.

Mimi sikuhitaji mtu wa kunieleza hiyo. Mke wangu Mutanu alikufa homa ya matumbo. Walikuja wakubwa, wakapiga picha ya mtaro, wakaenda. Mtaro uko palepale.

Basi Wagaki akaanza kuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, tunatengeneza kitu chake. Alikiita Soja, kwa sababu kazi yake ni kusimama mlangoni. Maji ya kwanza, yale machafu, yanaingia kwa mkebe, halafu mtu anafungua yale safi kwa mkono. Lakini Mama Musimbi alikuwa ameshamwambia, "Msichana wangu, nani ana saa ya kungoja mkebe?"

Hapo ndipo walikuwa wamekwama, yeye na mkebe wake. Mimi nilikuwa nimekwama kwingine. Nilikuwa nampenda.

Redio ya jirani ikatangaza mshindi wa kura. Mtaa ukanyamaza, kama mtu amepigwa tumboni anatafuta pumzi. Halafu mabati yakaanza kulia kwa mawe.

Mama Musimbi aliacha kucheka.

"Fundi, huyu msichana mwingize ndani. Sasa."

Wagaki ni Mkikuyu, kabila la yule mshindi, wa Kawangware, upande wa Kabiro. Baba yake, Mzee Kiragu, ana ploti huko tangu mababu. Usiku ule jina lake peke yake lingetosha kumuua. Hata mimi Mkamba wa Kitui sikuwa na uhakika na shingo yangu.

Nilifunga mlango. Komeo langu lilikuwa la kuangusha, bovu, linaruka ukipiga teke. Kwa hivyo nikalitundikia mtungi uliojaa maji, uzito ulikalie.

Simu ya Wagaki ikalia. Akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Ni Baba."

"Shika basi."

"Atasikia hizi kelele ajue ni wapi."

Akaandika ujumbe na kredo kidogo ya simu iliyobaki. Alinionyesha kabla ya kutuma:

*Baba niko karakana ya kazini. Bosi ametufungulia tulale. Niko salama.*

"Kwa nini usimwambie uko kwa fundi?"

"Fundi ana kitanda kimoja, Munyao."

Kwa wale wenye roho chafu, nawaambia mapema: kitanda alilalia yeye, mlango nikalalia mimi.

Siku ya pili vijana walifika. Tuliwasikia wakiongea na Mama Musimbi hapo nje.

"Mathe, nani ako kwa fundi? Tumeskia kuna mgeni."

"Ni dadake. Ana kipindupindu tangu jana."

"Acha tuone."

"Ingieni! Na mmoja amshikie ndoo, mimi mikono imechoka. Wewe mrefu, njoo."

"Aa, mathe, zii!"

"Si mnasema nyinyi ni wanaume?"

Tukasikia viatu vikienda mbio. Wagaki alijiziba mdomo na shuka. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli. Nilimshika mkono kwa mara ya kwanza.

"Tukitoka hapa," nikamwambia, "nitaenda kwa baba yako."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nakutaka."

Alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu.

"Unatazama nini? Nimekwambia kitu kikubwa!"

"Mlango," akasema. "Munyao, ule mtungi. Ukijaa, unashika komeo. Ukiisha maji, komeo linaachilia."

"Sasa?"

"Sasa mkebe hauhitaji mtu! Uning'inie kwenye mkono wa mfereji. Ukijaa maji machafu unakuwa mzito, unavuta, njia safi inafunguka. Maji yakikatika, mkebe unajimwaga kwa katundu, mfereji unajifunga wenyewe!"

Mimi nilitundika mtungi kwa woga. Yeye aliona mashine. Hiyo ndiyo tofauti, na sitaki mtu anipe sifa isiyo yangu.

"Na lile nimekwambia?"

"Nimelisikia. Nipe mkasi."

Usiku niliufunga mkebe nje, na maji yaliporudi mfereji wa Mama Musimbi ulitapika mavi ya mtaa mzima ndani ya mkebe, mkebe ukashuka, na yaliyofuata yakawa meupe. Mama Musimbi alikinga kiganja, akanusa, akainama akaomba Mungu kwa Kiluhya.

Barabara zilipofunguka kidogo Wagaki akatoka, amejifunga leso ya Mama Musimbi kichwani. Mzee Kiragu alipomwona mzima, alifanya kile baba wa kwao hufanya. Alichagua mbuzi mnene, akampelekea bosi wa Wagaki, Bwana Gathogo, kumshukuru kwa kumlaza binti yake.

Gathogo hakuwa amelaza mtu. Alikuwa amekimbilia kwa shemeji yake, karakana ikiwa na kufuli. Lakini alimpokea mbuzi. Akamchinja, akamla, akanyamaza.

Mwezi wa tatu, wakubwa wakiwa wameshikana mikono kwa televisheni kama hakuna aliyekufa, Wagaki alimpelekea Gathogo mchoro wa Soja. Alidhani kampuni itatengeneza nyingi. Bosi akamsifu. Wiki chache baadaye Wagaki akaona ombi la hataza limeshaenda, ile haki ya kuzuia wengine wasitengeneze kitu chako. Mwenye haki: kampuni. Mvumbuzi: Gathogo.

Alinipigia simu akiwa chooni kazini.

"Nimemuuliza. Unajua amenijibu nini?"

"Nini?"

"Ati, 'Msichana wangu, ulilala karakana yangu, ukatumia vyuma vyangu. Kitu kilichotengenezwa kwa mwajiri ni cha mwajiri. Baba yako mwenyewe alinishukuru.'"

"Mwambie ni uongo!"

"Uongo ni wangu, Munyao. Mimi ndio niliandika."

Alipata wakili, Yvonne, aliyesoma naye sekondari. Yvonne akatueleza kwa lugha ya watu. Kitu ambacho si kazi uliyoandikwa kufanya, ukikitengeneza kwako, kwa vifaa vyako, sheria inasema ni chako. Kwa hivyo kesi yote iko kwa jambo moja: usiku ule Wagaki alikuwa wapi.

Jioni kabla ya kikao cha mawakili wa pande zote mbili alikuja kwangu. Hakukaa.

"Nikisema nililala hapa, Soja ni wangu. Nikinyamaza, ni wa Gathogo."

"Na ukisema?"

"Baba atajua alimchinjia mbuzi mtu anayemcheka. Atajua nilimdanganya."

"Na atajua kuhusu mimi."

"Na atajua kuhusu wewe."

"Hiyo ya mwisho umeisema polepole."

"Usianze."

"Mimi ni aibu yako, Wagaki? Mjane wa Gatwekera, darasa la sita? Sema tu."

Alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Miaka mitano kila mchoro wangu unatoka ofisini na sahihi ya mwanaume kwenye kona. Mkutanoni mimi ndio naandika mazungumzo, mimi ndio naulizwa chai iko wapi. Wewe ndio kitu pekee nilicho nacho ambacho hakuna mtu ametia sahihi yake juu. Ndio maana nimekuficha. Si aibu."

Nikampa maneno mabaya.

"Basi nyamaza. Wapatie mkebe wao. Mimi nilishazika mtu kwa sababu ya haya maji, sitaki kukupoteza na wewe."

"Na wanawake wa huku? Gathogo ataiuza mashine hiyo kwa bei ambayo Mama Musimbi hawezi. Itawekwa Karen kwa matajiri, kwa watu ambao maji yao hayanuki!"

Akaondoka bila kwaheri. Nilimwandikia:

*Kesho nitasema utakavyotaka. Ukitaka sikujui, sikujui.*

Kikao kilikuwa mjini, meza ndefu, chupa za maji mbele ya kila mtu. Gathogo alikuwa na wakili wake. Na kando yake, amevaa tai, alikaa Mzee Kiragu. Waliomwita ni wao. Mzee wa watu alidhani anakuja kumsaidia bintiye.

"Huyu ni kama mtoto wangu," Gathogo akaanza. "Hatugombani. Tunaelewana tu ni nani alifanya nini."

Wakili wake akamgeukia mzee.

"Mzee, ulimpelekea Bwana Gathogo mbuzi?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Alimlaza mtoto wangu wakati watu wanachinjana. Hata ningempelekea ng'ombe." Akamtazama Wagaki kwa tabasamu, kama anasema, umeona nimekusaidia?

Nilitaka ardhi inimeze, mimi na viatu vyangu.

"Basi Wagaki," wakili akasema, "swali langu ni moja. Usiku wa tarehe thelathini, na zile zilizofuata, ulilala wapi?"

Wagaki alimtazama baba yake. Halafu mimi. Nikatikisa kichwa: usiseme. Naapa nilitikisa.

"Nililala Gatwekera," akasema.

"Wapi?"

"Kibera. Kwa huyu. Anaitwa Munyao. Soja nilimwona kwenye mlango wake, na Mama Musimbi anayeuza maji hapo ndiye wa kwanza kumtumia. Mwiteni. Karakana sikukanyaga mpaka Februari."

Mzee Kiragu hakuelewa mara moja. Aligeuka kwa Gathogo, pole pole, kama anamuuliza jirani saa.

"Anasema nini?"

Gathogo alikuwa anaangalia chupa yake.

"Gathogo. Ulikula mbuzi wangu."

"Mzee, wakati ule kulikuwa na mambo mengi, nikadhani—"

"Sikukuuliza ulidhani nini. Ulikula mbuzi wangu, na hukujua mtoto wangu yuko hai ama amekufa."

Wakili wa kampuni alianza kupanga karatasi zake ndani ya mkoba. Yvonne alimpigia kalamu mezani, tap, tap, bila kusema neno.

Kampuni iliondoa ombi lake kabla ya mwezi kuisha. Ombi lingine likaingia, mvumbuzi Wagaki Kiragu, peke yake. Kazi alifutwa, barua ikasema ni kupunguza wafanyakazi, na katika ofisi nzima aliyepunguzwa ni mmoja. Sasa anafanyia kazi kwangu, penye mabati, na mafundi wawili wanamwita injinia bila kucheka. Soja wamesimama kwa vibanda vingi vya Kibera, Gatwekera na Kisumu Ndogo. Ule mtaro wa serikali bado uko, usiniulize.

Lakini Mzee Kiragu hakuongea na binti yake. Julai ikaisha, Agosti ikaisha. Akiwekewa chai anakunywa, anaondoka. Halafu siku moja simu yangu ikalia.

"Wewe ndio Munyao?"

"Ndiyo, Mzee."

"Njoo Kabiro Jumamosi. Kuja na mtu wenu."

Mtu wangu nitamtoa wapi? Baba alikufa, wajomba wako Kitui. Nikaenda na Mama Musimbi. Mluhya, msemaji wa Mkamba, kwa Mkikuyu, mwaka huu. Njiani aliniambia, "Kazi yako ni kukaa. Mdomo ni wangu."

Mzee alitukaribisha vizuri kuliko nilivyotarajia. Wagaki alileta chai, akasimama mlangoni.

"Mzee," Mama Musimbi akaanza, "tumeona ua kwenye boma lako—"

"Mama, ngoja. Mbuzi mtaleta, sijakataa. Hata hiyo ya kabila sijawaita kwa sababu yake. Nimelala nayo nikaona ni ya wanasiasa, wao ndio wanakula nayo." Aliweka kikombe chini. "Lakini nimekaa hapa miezi, kitu kimoja kinakataa kunitoka. Nilikuwa nakunywa chai kwa hii kiti, nimetulia, kwa sababu najua mtoto wangu ako karakana. Kama wale vijana wangeingia, mngeniambia?"

"Mzee—" nikasema.

"Bosi angesema hakuwa kwake. Wewe sikukujua. Mama huyu sikumjua. Simu yake ingezimwa. Ningemtafuta Industrial Area, kwenye karakana, kwa kila mochari, na yeye ako Gatwekera."

Wagaki alikuwa analia bila sauti. Mama Musimbi, aliyefukuza wanaume wenye mapanga kwa neno moja, aliangalia mikono yake.

Harusi ni mwezi wa kumi na mbili, kanisani kwao, na mzee ndiye atakayemshika bintiye mkono. Amenipa na ploti ndogo ya kujenga karakana. Huwa anakuja jioni, anakaa juu ya mtungi, anatuangalia tukikata bati, na kabla hajaondoka ananiuliza tena, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Munyao, kama angekufa kwako usiku ule, ni nani angeniambia?"