Shikilia Mpaka Niseme

Mimi si mtu wa kuona mambo. Wanaonijua wanalijua hilo. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa zahanati, naandika majina na umri kutwa nzima, nikirudi nyumbani nalala kama gogo. Kwa hiyo hili nakueleza kama lilivyokuwa tu, kwa sababu lilimkuta kaka yangu wa tumbo moja, nami nilikuwepo.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Nilikwenda kwake kumfulia, maana tangu wifi yangu afariki, miezi mitatu nyuma, kaka alikuwa anavaa shati mpaka linataka kusimama lenyewe. Nilimkuta uani chini ya gari la marehemu, giaboksi imeshashushwa na kulazwa juu ya gunia. Yeye ni fundi wa magari. Wateja wanamwita Fundi Taratibu, na wala hawamsingizii. Ukimpelekea gari Jumatatu usimuulize habari zake kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote ya asubuhi ile.

Klachi ya gari lile ilikuwa imekwisha. Wiki moja kabla, kaka alikuwa amekwenda kumchukua binti yake, mtoto wa miaka sita, aliyekuwa kwa bibi yake mzaa mama tangu msiba. Nyumba ya bibi iko juu mlimani. Katikati ya mlima gari likaanza kunguruma bila kwenda, harufu ya kuungua ikajaa ndani, kisha likarudi kinyumenyume mpaka chini. Mtoto alikuwa amesimama getini, begi mgongoni, anaangalia. Kaka akageuza akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini hakupanda hata kwa miguu, alinitazama kama vile nimesema lugha asiyoijua.

Bibi akapiga simu siku hiyo hiyo. Alisema Jumapili ijayo, kabla jua halijazama, baba mtu awe amefika. Asipofika, Jumatatu mtoto ataandikishwa shule kule kule, na atakaa kule moja kwa moja. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka kumwona mjukuu wake akikaa getini.

Mimi iliniuma. Kaka sijui. Alikuwa amekufa ganzi, ukimgusa bega anageuka baada ya muda, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha tatu. Lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Alinionyesha diski ya zamani ya klachi, imelika mpaka vichwa vya ribiti vinang'aa. Akafunga diski mpya, akafunga na beringi mpya, akarudisha giaboksi, bolti moja baada ya nyingine. Saa nane mchana ilibaki kazi moja tu, kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali ya klachi. Mwingine yuko chini, analegeza nati ndogo ili mafuta yatoke na upepo wake, kisha anaikaza. Maneno ni matatu: kanyaga, shikilia, achia. Aliye juu haruhusiwi kuachia mpaka aambiwe, kwa sababu akiwahi, upepo wote unarudi ndani na mnaanza upya. Kazi hiyo ya juu ilikuwa ya wifi yangu. Kuna siku mteja alikuja katikati ya kazi, kaka akatoka chini ya gari, wakapiga soga nusu saa nzima, akamsahau mkewe. Kurudi, akamkuta bado amekanyaga, goti linatetemeka, anacheka peke yake. "Si hujasema achia?" Tulimtania kwa hilo mwaka mzima.

Jumapili hiyo kaka aliniambia nikae mimi. Nikamwambia asubiri nianike nguo kwanza. Nikaenda nyuma ya nyumba na beseni langu.

Nikiwa kwenye kamba nikamsikia. "Kanyaga." Kimya kidogo. "Shikilia." Kimya. "Achia."

Nikajisemea, huyu naye leo ana haraka gani, si nimemwambia asubiri. Nikaendelea kubana nguo. Akarudia. Kanyaga. Shikilia. Achia. Ndipo nikaitambua ile sauti. Ilikuwa laini, sauti yake ya zamani. Nilikuwa sijaisikia tangu tumzike mkewe.

Nikazunguka nyumba. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Kitini hapakuwa na mtu.

"Kanyaga," kaka akasema kutoka chini.

Pedali ikashuka.

Ilishuka polepole, mpaka mwisho.

"Shikilia."

Ikabaki chini.

Labda unadhani nilipiga kelele. Sikupiga. Niliogopa, ndiyo, lakini woga wenyewe ulikuwa mbali, kama wa mtu mwingine aliyesimama mahali pangu. Nilisikia spana ikikaza ile nati. Kazi ilikuwa imekwisha. Lilibaki neno moja tu.

Hakulisema.

Nikachuchumaa. Kaka alikuwa amelala chali, macho yamekazia giaboksi, spana kifuani.

"Kaka," nikanong'ona. "Nani yuko juu?"

"Unamjua."

"Toka huko."

"Nyamaza. Usimbughudhi."

Nikakaa pale chini. Saa tisa ikapita. Kivuli cha gari kikasogea mpaka miguuni kwangu. Kila nikiinua shingo, pedali iko chini, imeganda. Gari haliwezi kwenda hivyo. Na kule mlimani kuna mtoto na begi lake.

"Kaka, saa zinakwenda. Mwambie aachie."

Akaanza kusema, polepole. Kule hospitali, siku ya mwisho, wifi alikuwa amemshika mkono, hataki kumwachia. Muuguzi akamwita akasaini karatasi ya kuongezewa damu. Akautoa mkono wa mkewe kwenye wake, akauweka kwenye chuma cha kitanda. Akamwambia shikilia, nakuja sasa hivi.

"Niliporudi walikuwa wanambandua vidole," akasema. "Kimoja kimoja. Sikuwa nimemwambia achia."

Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nikatamani kulia na machozi hayakuja. Nikainuka, nikasimama kwenye mlango ulio wazi, nikakitazama kile kiti.

"Wifi," nikasema. "Achia."

Hakuna kilichosogea. Hakuwa ananisikiliza mimi.

Nikarudi chini. "Kaka. Mwanao atakungoja getini leo. Kesho hatakungoja."

"Nikisema ataondoka."

"Ndiyo. Ataondoka."

Akafumba macho. Midomo ikacheza bila sauti. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikatoka.

"Achia, mke wangu. Inatosha."

Pedali ikapanda. Polepole sana. Kaka akageuza uso kwenye udongo, akalia kama mtoto, na mimi nikamwacha alie.

Saa kumi akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akawasha gari. Gia ikaingia bila hata kukwaruza. Niliangalia mpaka lilipokata kona, kisha nikaingia ndani nikapika wali, nikadeki chumba cha mtoto.

Walirudi saa kumi na mbili kasoro, kabla giza halijaingia. Walikuwa wawili tu. Kaka alisema mtoto alilala kiti cha nyuma njia nzima, peke yake, na hawakusimama popote. Alisema bibi ameomba radhi kwa nywele. Tangu msiba mtoto alikataa kuguswa kichwa, kwa hiyo anakuja na nywele timutimu, mimi nione la kufanya.

Nikamkalisha kwenye mkeka na kitana mkononi. Upande wa kulia nywele zilikuwa timutimu kweli. Upande wa kushoto zilikuwa zimesukwa mistari sita, imenyooka, mafuta bado mabichi kwenye ngozi.

Nikamtazama kaka. Kaka hajui kusuka hata kamba.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Bado hajamaliza, shangazi," akasema. Na akabaki vile vile, shingo imeinama, kichwa kikivutwa kidogo kidogo upande wa kulia, na mikono yangu yote miwili iko mapajani mwangu.