Alama Mbili za Nesi Siwatu

Kipimauelewa kilielea mbele ya uso wa Nesi Siwatu, kidogo kama birika, kikimsikiliza. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi watu wanavyouelewa usonji, wauguzi kwa wazazi, na maswali yake yalikuwa yaleyale katika nchi zote. Asubuhi hiyo, katika hospitali moja ya Tabora, Siwatu alijibu bila kusita. Alama tisini na sita.

Jioni chombo kilimwongoza Zamda, binti aliyekihudumia, hadi kwenye nyumba ya mzazi wa mwisho. Aliyefungua mlango alikuwa Siwatu yuleyule, amejifunga kanga.

"Kumbe ni wewe tena, dada. Karibu."

Sakafuni binti yake, Mwasiti, alikuwa akipanga vifuniko vya chupa huku akiimba. Mwasiti alikuwa na usonji. Zamda aliijua sheria: mzazi akipata chini ya hamsini, mtoto huhamishiwa kituo cha malezi.

"Mwanao anaweza nini?" chombo kiliuliza.

"Huyu? Hawezi kitu."

"Anapenda nini?"

"Kunisumbua tu."

"Ana akili?"

"Akili aitoe wapi."

Wifi yake Siwatu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akacheka. "Kamrithi mama yake."

Alama thelathini na moja.

Zamda akakigonga chombo, akidhani kimeharibika. Kikarudia: thelathini na moja.

"Dada Siwatu, mbona asubuhi ulijua yote?"

"Asubuhi nilisema juu ya watoto wa watu." Siwatu akashusha sauti. "Wangu nimsifu mbele ya mgeni? Hata wewe hukulelewa hivyo."

Ni kweli. Mama yake Zamda alimwita mzigo mbele ya wageni, kisha akamwekea finyango la nyama jikoni. Lakini hayo angeyaelezaje kwa chombo? Hata yeye hakujua aanzie wapi.

"Watamchukua," alisema. "Unaruhusiwa kurudia mara moja tu."

Siwatu akajifunga kanga upya, akimtazama Mwasiti.

"Basi nitamsifu mimi," wifi akasema. "Shangazi yupo kwa kazi gani?"

"Mzazi peke yake," kilijibu chombo.

Siwatu akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini, amelifunga vifungo vyote. Akasimama wima.

"Uliza."

"Mtoto anaweza nini?"

"Mtoto wa kike, miaka minane. Wimbo akiusikia mara moja, anaushika. Akitaka kukumbatiwa, hukuegemea kwa mgongo. Akilia usimshike, kaa karibu yake ungoje." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayekabidhi zamu.

Alama tisini na saba.

"Ehe," wifi akasema. "Mtoto kabaki."

Zamda alitaka kufurahi, akashindwa. Hakuelewa chombo kilikuwa kimempima nani sasa, wala asubuhi kilikuwa kimempima nani.

Mwasiti akaacha vifuniko vyake. Alikuja akagusa kifungo cha koti, akanusa mkono wa koti hilo, akatikisa kichwa. Akapita, akaingia chumbani, akarudi na kanga ya mama yake. Akatazama nyuma ya mlango. Akatazama nyuma ya wifi.

Siwatu alikuwa tayari anahangaika na vifungo.

Mwasiti akarudi kusimama mbele yake, kanga kifuani.

"Nesi," akauliza kwa adabu, "mama yuko wapi?"