Bunduki ya Mashoto

Ujumbe uliingia saa mbili na nusu asubuhi. Maneno saba tu.

"Jani limeloa. Seremala wa Bagamoyo. Peke yako."

Tulinagwe aliusoma mara moja, akaufuta, akawasha pikipiki yake ya Yamaha. Lugha ya siri ya Kitengo cha Saba, kikosi cha kuwasaka wasafirisha silaha, haikuwa ngumu: jani lililoloa ni silaha iliyoingia wilayani kinyemela. Aliyeutuma ni Erasto, mkuu wa Kitengo Nyanda za Juu, na Erasto hakuwa mtu wa kuulizwa maswali kwenye simu.

Silaha. Tena leo.

Saa nne asubuhi hiyohiyo, dereva wa lori aitwaye Zebedayo alitakiwa kusimama mahakamani, mjini Tukuyu. Mwaka jana alipeleka makreti ya chai hadi mpaka wa Kasumulu. Kreti moja likadondoka, likapasuka, na ndani hamkuwa na chai. Zilikuwa bunduki. Alimwona pia bwana aliyekuwa akiusindikiza mzigo, akitoa amri kwa sauti ya chini. Jina lake Zebedayo hakulijua, lakini sura aliikumbuka, na leo hakimu angemwekea mbele picha za watumishi wote waliopita mpakani siku ile ili aonyeshe ni nani. Kwa miezi minne Kitengo kilimficha Matwebe, katika nyumba ya bati katikati ya migomba. Akifa, kesi imekufa naye.

Mvua ya Tukuyu haina adabu, haipigi hodi. Ilimkuta njiani, na alipofika Bagamoyo, hii ya Tukuyu na siyo ile ya pwani, koti lilikuwa limeshika maji hadi ndani.

Karakana ilikuwa nyuma ya maduka. Kwa majirani, mzee Ambindwile alikuwa seremala wa vitanda na majeneza. Kwa wenye vibali vya kuwinda, alikuwa fundi wa vitako vya bunduki, na hakuna wa kumfikia kuanzia Mbeya hadi Kyela.

"Ugonile, mwana," alisema, macho yakiwa kwenye randa.

"Mugonile, tata."

Alijitambulisha kuwa mkaguzi wa silaha. Akatoa daftari, akaanza kuandika. Mzee akaacha randa. Aliutazama mkono wa kushoto wa mwanamke huyu ulioshika kalamu, akaufuata kwa macho mpaka begani.

"Kwani haikukukaa?"

"Ipi, tata?"

"Bunduki yako. Si niliitoa wiki iliyopita?"

Tulinagwe alifunga daftari taratibu.

"Niambie kama vile sijui," alisema.

Mzee aliona ni mzaha wa vijana, lakini fundi akiulizwa kazi yake hanyamazi. Alikuja bwana mmoja amevaa kofia ya pikipiki, hakuivua hata alipokaa. Alileta bunduki tatu na karatasi moja. Akasema dada yake ni mashoto, basi fundi achague inayomfaa.

"Ya kwanza inajikoki yenyewe, inatupa maganda kulia. Mashoto akiipiga, ganda la moto linampitia puani. Nikaikataa. Ya pili inakokiwa kwa bolti, kipini cha kuingiza risasi, nayo iko kulia, kama bunduki za watu wote. Mashoto lazima aachie triga, avushe mkono juu ya bunduki ndipo akoki. Nikaikataa na hiyo. Ya tatu ni Tikka, ya Kifini. Bolti imewekwa kushoto tangu kiwandani. Nzuri fijo, nzuri sana."

"Halafu?"

"Halafu nikaipima kwa karatasi. Kitako nikakipunguza sentimita tatu, maana mkono wa mwenyewe ni mfupi. Shavu la mbao nikalihamishia upande wa kulia, ndiko mashoto anakolaza uso. Nyuma nikafunga raba laini, nikaishusha kidogo, maana karatasi inasema mtulinga wa kushoto umewahi kuvunjika." Akatabasamu. "Bunduki ni nguo, mwanangu. Ya mwenzio itakubana tu."

Mkono wa Tulinagwe ulikwenda wenyewe kwenye ukosi wa koti. Chini ya kitambaa mfupa ulikuwa na kinundu. Aliuvunja mafunzoni, miaka minane iliyopita.

"Karatasi unayo?"

Alikuwa nayo, imepigiliwa msumari ukutani kati ya vipimo vya kabati na vya jeneza. Kiwiko hadi kiungo cha kidole, sentimita thelathini na mbili. Jicho la kulenga, kushoto. Mtulinga wa kushoto, ulivunjika.

Aliyajua maneno yale. Aliyaandika yeye.

Miaka mitatu nyuma, huko huko Kasumulu, Tulinagwe alikuwa juu ya paa la ghala akimlinda mwenzake Beatrice. Mikononi alikuwa na bunduki ya Kitengo, bolti kulia. Walitokea wasafirisha magendo wawili. Wa kwanza alimpiga. Kisha ikabidi avushe mkono wa kushoto juu ya bunduki, shavu liondoke kwenye kitako, atafute bolti, akoki, arudi, alenge upya. Sekunde tatu. Wa pili hakuzingoja. Beatrice aliacha mama na mtoto wa miaka miwili, na Tulinagwe hajapata kulala usiku mzima tangu siku ile.

Wiki iliyofuata alijaza fomu ya kuomba bunduki ya mashoto. Vipimo ukurasa wa kwanza, sababu ukurasa wa pili. Fomu haikwenda kwa mtu mwingine ila Erasto, na Erasto aliirudisha na mstari mmoja wa wino mwekundu: Jifunze kulia kama wenzako.

Sasa vipimo vile vilikuwa ukutani kwa seremala.

Tulinagwe aliuona mpango wote. Zebedayo angepigwa risasi, bunduki ingeachwa hapohapo ili iokotwe, na wapelelezi wangeiwekea rula. Ingemkaa yeye na si mwingine yeyote katika nchi hii. Wangeuliza Bagamoyo, na Bagamoyo nzima ingesema kweli: ndiyo, mama wa pikipiki alikuwa hapa asubuhi ileile.

Ndiyo maana alitumwa.

Akakumbuka na jingine. Katika miezi minne, Erasto hajakanyaga ile nyumba ya Matwebe hata siku moja. Alimlinda shahidi kwa simu. Aliyeusindikiza mzigo ule alikuwa yeye, na hakutaka Zebedayo amwone uso.

Redio ya Motorola ikakohoa kiunoni.

"Tuli, uko wapi? Ova."

"Kwa seremala, mkuu. Ova."

"Kuna nini hapo?"

"Mzee hajui lolote. Anatengeneza vitanda."

Nyuma ya sauti ya Erasto ilisikika mvua ikipiga bati.

"Baki hapohapo. Usisogee mpaka nikuambie. Ova."

"Nimekupata, mkuu."

Alimgeukia mzee. "Tata, funga karakana. Nenda kwa mchungaji wako ukakae mpaka jioni. Karatasi hii naichukua."

"Kuna ubaya?"

"Upo. Lakini si wako."

Mzee alitafuta ufunguo.

Saa tatu na dakika ishirini. Saa tatu na nusu Lugano, dereva wa Kitengo, angeondoka na shahidi. Tulinagwe alipiga simu yake. Haipatikani, kule bondeni mtandao ni bahati. Redio Erasto aliisikia yote, na tangu jana Lugano alikuwa ameamriwa asipokee neno la mtu yeyote ila la mkuu.

Ilibaki Yamaha.

Aliuvuka mtaa wa Msasani, palepale Tukuyu, kwa mwendo uliowafanya akina mama wa chapati wamlaani, akaiacha lami, akaingia barabara ya udongo inayokata mashamba ya chai. Njia hiyo Erasto aliichora jana kwa kalamu yake, eti ile nyingine ina macho mengi. Pa kuvizia palikuwa mahali pamoja tu. Kuna kona ambako kalvati limebomoka na gari lazima litambae kama mtoto, na juu yake kuna banda la kupimia majani ya chai. Leo hapakuwa na mchumo, kwa hiyo banda halikuwa na watu.

Banda la bati.

Alilaza pikipiki kwenye migomba, akachomoa bastola yake ya Glock, akapanda katikati ya mistari ya chai akiwa amejikunja. Matawi yalimchapa magoti. Alitembea akiomba, yeye ambaye kanisani huenda Pasaka na Krismasi tu. Ukungu ulikuwa unainuka, na unavyoinuka ndivyo mlengaji anavyoona.

Land Cruiser nyeupe ikatokea konani. Ikapunguza mwendo. Kiti cha nyuma, kofia ya sufu ya Zebedayo.

Katikati ya mbao mbili za banda, hatua kumi na tano mbele yake, ulichungulia mtutu.

Mtu mwenyewe hakuonekana. Mtutu tu, umetulia. Erasto alikuwa bingwa wa shabaha wa Kitengo mara tano, na alijisifia kuwa katika maisha yake hajawahi kuhitaji risasi ya pili. Kazi hii hakumwachia mtu. Siri ni ya mmoja. Wakiwa wawili si siri tena.

Tulinagwe alifyatua Glock kwenye bati la paa.

Bati lililia. Tikka nayo ikalia papo hapo. Kioo cha mbele cha gari kikapasuka, Lugano akashika mkono wake juu ya kiwiko, gari likatumbukiza gurudumu kalvatini na kuzimika. Zebedayo alibaki ameketi wima kwenye dirisha, hajaelewa kilichotokea.

Risasi ya pili.

Tulinagwe alikimbia. Hakuhitaji kuona yaliyokuwa ndani. Aliyaishi miaka minane. Mkono wa kulia wa Erasto ulikwenda kulia, ulikozoea.

Hakuna bolti.

Moja. Mkono unashangaa. Mbili. Shavu linaondoka kwenye mbao, mkono unavuka juu, unapapasa, unapata, unainua, unavuta, unasukuma. Tatu. Mkono unarudi kwenye triga, jicho linatafuta tena darubini.

Mlango ulifunguka kwa teke.

Kitako cha Glock kilimshukia Erasto kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukasikika. Bunduki ikaanguka juu ya mizani ya chai. Alijaribu kuinuka, goti la Tulinagwe likamrudisha chini, na pingu zikafunga kabla hajamaliza kutukana.

Nje, Lugano alikuwa akilalama kwa maumivu. Kulikuwa na sauti nyingine pia, ya Zebedayo akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. Yu hai.

Erasto alilala ubavu kwenye sakafu ya saruji, koti zuri limejaa vumbi la majani.

"Nilikuambia ubaki Bagamoyo."

"Uliniambia, mkuu."

"Ulijuaje kwamba nitachelewa?"

Tulinagwe alitoa ile karatasi, akaikunjua mbele ya uso wake.

"Ulinakili ukurasa wa kwanza. Wa pili hukuusoma. Sababu niliiandika pale: sekunde tatu. Beatrice nilimwandika pale."

Erasto aligeuza uso ukutani.

Bunduki ilikuwa bado na risasi ndani. Tulinagwe aliiokota, akachomoa magazini, akaiegemeza begani aelekeze mtutu kwenye kilima kitupu. Alitaka kuipakua tu.

Ilimkaa.

Raba ilitua chini ya kinundu cha mfupa bila kukigusa. Shavu lake lilikuta mbao pale lilipotaka mbao iwe. Jicho la kushoto likaingia kwenye darubini moja kwa moja. Kidole kilifika kwenye triga bila kujinyoosha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amevaa nguo za watu.

Akakoki. Mkono ulipanda na kushuka palepale ulipokuwa, shavu halikutikisika. Risasi iliruka kushoto, ikagonga sakafu.

Haikufika sekunde moja.

Alisimama hivyo kwa muda, bunduki begani, na machozi yakamtoka. Miaka mitatu alijiambia kwamba labda hata kwa bunduki nyingine asingewahi, kwamba siku ya Beatrice ilikuwa imefika. Ulikuwa uongo wa kumsaidia kulala, na hata kulala haukumsaidia. Angewahi. Na bado angebaki na muda wa kuvuta pumzi.

Alijifuta kwa mkono wa koti, akatoa bolti, akaitia mfukoni.

Chini barabarani alimfunga Lugano kitambaa juu ya jeraha. Risasi ilipita nyamani.

"Nani, dada Tuli?" Lugano aliuliza, meno yakigongana.

"Mkuu."

Watu watatu waliokuwa wakipalilia viazi ng'ambo ya barabara walikuja, wakasukuma gari likatoka. Tulinagwe alimpakia Erasto nyuma, akamfunika kichwa kwa koti lake, Lugano akakaa naye, usukani akaushika yeye. Zebedayo hakutakiwa kumwona sasa, wakili asije akasema shahidi alifundishwa.

"Ndaga, asante, mwanangu," Zebedayo alisema kutoka kiti cha mbele. "Tunarudi Matwebe?"

"Tunakwenda mahakamani, tata. Kama bado unaweza."

Zebedayo alivua kofia ya sufu, akakung'uta vipande vya kioo, akaivaa tena.

"Naweza."

Saa nne na dakika arobaini, hakimu alipanga picha kumi na mbili mezani. Zebedayo hakuzitazama zote. Alipofika ya tano, ya Erasto, aliweka kidole, akasema huyu, hata nikiwa kipofu.

Nje ya ukumbi karani wa vielelezo alikuwa na Tikka mezani na fomu mkononi.

"Bunduki nzuri hii, afande. Imeandaliwa na mtu anayejua. Kesi ikiisha mnaweza kuiomba, sheria inaruhusu. Nikuandike?"

Tulinagwe alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akatia saini ya makabidhiano, akaiweka bolti juu ya fomu.

"Andika ombi," alisema. "Lakini kwenye sababu, acha nafasi kubwa."

Akavaa kofia yake ya pikipiki, akatoka mvuani kuifuata Yamaha aliyoiacha kwenye migomba.